Asiye Nacho na Asiyetaka: Nafuu ya Madeni katika Sheria za Kenya

Katika dhiki zote zinazomfika mtu mwenye akili timamu na mikono ya kufanyia kazi, dhiki ya deni ndiyo inayofichwa zaidi, hata yule ambaye angewaeleza majirani zake habari ya ugonjwa wake, na msiba wa mzazi wake, na pengine talaka yake pia, hathubutu kuwaambia kwamba simu anayoizima kila jioni inapoanza kulia ni ya mwia wake. Kwa ajili ya ficho hilo, ambalo asili yake ni haya wala si uovu, watu wengi nchini Kenya hulipa wasichopaswa kulipa, na kutishwa kwa mambo yaliyokatazwa na sheria, na kuuza vitu vilivyohifadhiwa na sheria hiyohiyo, ilhali ziko njia za nafuu zilizoandikwa waziwazi katika vitabu vya serikali. Nia yangu ni kuzieleza njia hizo. Lakini kabla ya hayo sharti msomaji ashike jambo moja, kwani tutalikuta katika kila hatua, nalo ni kwamba sheria inapomkabili mtu aliyeshindwa na deni huuliza kwanza: je, huyu hana, au ana naye hataki?

Swali hilo si geni kwa watu wa pwani, ambao tangu utotoni wamefundishwa chuoni kwamba mdaiwa aliyebanwa na dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni kheri zaidi, na kwamba waliolemewa na madeni wamo katika jumla ya wanaostahiki zaka. Na papo hapo wakafundishwa kwamba tajiri anayeahirisha kulipa kwa makusudi ni dhalimu. Sheria ya ufilisi tuliyoirithi kutoka enzi za Waingereza haikuwa na upole huo, maana aliyetangazwa mufilisi aliweza kubaki katika hali hiyo miaka mingi ikiwa hakwenda mahakamani kuomba aachiliwe. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo baadhi ya sehemu zake zina asili ya New Zealand, nchi iliyoanza mwaka 2007 kuwapa watu wasio na mali yoyote njia fupi ya kutoka katika madeni. Tutaifikia. Tuanze na lile linalowanyima watu usingizi, yaani jela.

Deni la kawaida si jinai nchini Kenya. Isipokuwa mtu awe ametoa hundi akijua hana fedha benki, au amekopa kwa hila na udanganyifu, polisi hawana kazi na habari hiyo, na ujumbe wa simu unaosema kwamba askari wako njiani ni vitisho vitupu. Kilichopo ni kifungo cha madai, ambacho hutolewa na mahakama baada ya kesi, na baada ya hukumu, na baada ya mdaiwa kuitwa aeleze kwa nini asifungwe. Na hapo swali letu huulizwa bila kuficha, kwa kuwa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai humkataza hakimu kumfunga mtu mpaka aridhike kwamba anataka kutoroka, au amehamisha na kuficha mali yake, au ana uwezo wa kulipa naye anakataa ama anapuuza. Kifungo chenyewe hakipiti miezi 6, na posho ya kumlisha mfungwa hutolewa na mdai aliyemfungisha, naye akiacha kuitoa mfungwa huachiwa.

Mwaka 2010, majuma machache baada ya Katiba mpya kutangazwa, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliona kwamba kumfunga mtu kwa deni kunapingana na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao katika kifungu chake cha 11 unakataza mtu kutiwa jela kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mapatano. Mwaka 2012 Jaji David Majanja alilitazama jambo hilohilo kwa jicho jingine, akaamua kwamba kifungu hicho kinamlinda asiyeweza wala hakimlindi asiyetaka, na kwamba kifungo cha madai hakivunji Katiba maadamu masharti yake yote yanafuatwa hatua kwa hatua. Mimi naona uamuzi wa pili ndio wenye mantiki zaidi, ingawa katika mahakama iliyojaa kesi tangu asubuhi uchunguzi wa uwezo wa mtu waweza kuwa wa haraka kuliko insafu inavyotaka. Kwa hiyo anayepokea wito asikae nyumbani kwa woga, aende na karatasi zake mkononi: hati ya mshahara, risiti za kodi ya nyumba, barua ya karo, stakabadhi za dawa, kwani aliyefika akajieleza na kutoa pendekezo la kulipa kidogo kidogo ana la kumwonyesha hakimu, ilhali kimya cha asiyefika ni rahisi kuchukuliwa kuwa ni ukaidi.

Kinachowafika wengi zaidi kuliko jela ni dalali. Huyu huja na vijana wake wawili watatu na hati ya mahakama mfukoni, akasimama katikati ya sebule akiandika: runinga moja, seti ya makochi, jokofu la milango miwili, meza ya kioo yenye ufa, na mbele ya kila kitu akatia bei ya kukisia, ambayo mwenye nyumba huiona ndogo kupita kiasi. Wengi huamini kwamba saa ileile vitu vile vimekwisha kuwa si vyao, wakaanza kumbembeleza dalali kwa fedha za pembeni. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zasema vingine: dalali sharti awe na leseni, na ile orodha sharti aiache mikononi mwa mwenye mali, na sharti ampe notisi ya siku 7 ambazo ndani yake aweza kuvikomboa. Tena si kila kitu kinaandikika. Nguo za mdaiwa na za mkewe na watoto wake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za kazi anayoishi kwayo, haviguswi na hukumu ya deni la kawaida. Cherehani ya fundi nguo, kwa hiyo, haina ruhusa ya kupanda gari la dalali, wala randa ya seremala. Mshahara nao umewekewa mpaka, maana Sheria ya Ajira ya 2007 haikubali makato yote kwa jumla yapite theluthi mbili, hivi kwamba mwajiri anayemwachia mtumishi wake shilingi mia tano mwisho wa mwezi, kwa sababu mikopo imekula zilizobaki, anavunja sheria.

Nyumba au shamba lililowekwa rehani lina njia ndefu zaidi, nami nitaipita kwa ufupi kwa kuwa mwenye rehani aghalabu ana wakili. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji atoe kwanza notisi ya siku 90 ya kumtaka mkopaji arekebishe kosa lake, kisha notisi nyingine ya siku 40 ya kuuza, na baada ya hapo dalali naye hutoa notisi yake ya siku 45. Bei nayo haiachiwi matakwa ya mnada, kwa sababu ikiwa mali imeuzwa kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi ya bei ya soko, sheria humchukulia mkopeshaji kuwa amekosa wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi, jambo ambalo wake kadhaa wamelijua siku walipoona tangazo la mnada gazetini.

Sasa nije kwenye kanuni ambayo lau ingelijulikana kama bei ya unga inavyojulikana, ingewapunguzia watu machozi mengi. Tangu tarehe 1 Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kimeweka kikomo cha fedha ambazo benki yaweza kudai juu ya mkopo uliokwama. Tuseme mwalimu wa Malindi alikopa 500,000, akalipa vyema hata zikabaki 300,000 za mkopo wenyewe, kisha akaugua, malipo yakasita, na siku 90 zikapita, ambao ndio muda wa kawaida wa mkopo kuhesabiwa umekwama. Tangu hapo benki yaweza kumdai zile 300,000, na riba isiyozidi 300,000 nyingine, pamoja na gharama za haki za kufuatilia deni, basi. Hata ikipita miaka kumi, riba haiendelei kupanda juu ya kiasi hicho. Ajabu ni kwamba watu husaini makubaliano mapya ya kulipa deni lililovimba mara tatu, wakashukuru kwa kuongezewa muda, pasipo kuuliza hata mara moja hesabu ile imefikaje pale. Swali la kumwuliza ofisa wa benki ni jepesi: siku mkopo wangu ulipokwama, mtaji uliobaki ulikuwa kiasi gani? Na jibu lake litakwe kwa maandishi.

Kanuni hiyohiyo imewafikia wakopeshaji wa simu. Tangu M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipozinduliwa Novemba 2012, mkopo umekuwa jambo la kubonyeza, usiohitaji mdhamini wala kikao, na nyuma ya benki zikaja kampuni za programu ambazo kwa miaka kadhaa hazikuwa chini ya msimamizi yeyote. Hizi zilipokosa kulipwa zilikuwa na silaha moja mbaya: orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mkopaji. Shemeji, mwajiri, imamu wa mtaa, mchumba wa zamani, wote wakapigiwa na kuambiwa kwamba fulani ni mwizi. Kanuni za Wakopeshaji wa Kidijitali, zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya Machi 2022, zimekataza vitisho, matusi, kutangaza habari za mkopaji hadharani, na kuwapigia watu walio katika simu yake bila ridhaa; zikataka kila mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni; na zikaweka kikomo cha riba kwa mkopo uliokwama kama kile cha benki. Aliyeteswa hivyo ana pengine pa kwenda pia, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu bila haki. Anayetaka kushtaki na ahifadhi ujumbe, na sauti zilizorekodiwa, na namba zilizompigia, kwani hasira pekee haithibitishi neno. Jirani zetu wa Tanzania, ambao mikopo ya namna hii wameipa jina la kausha damu bila kumung'unya maneno, waliiona Benki Kuu yao Novemba 2024 ikichapisha orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Kuhusu kuwekwa CRB, kama watu wasemavyo, yaani jina kupelekwa katika shirika la kumbukumbu za mikopo, hofu imezidi jambo lenyewe. Kenya ina mashirika matatu yenye leseni ya kazi hiyo, na kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Mkopeshaji sharti amjulishe mkopaji kabla ya kupeleka habari mbaya. Na deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi. Ikiwa kilichoandikwa ni kosa, mwenye jina hupinga kwa barua, bila malipo. Wale wanaojitangaza mtaani kwamba kwa elfu tatu au tano watakusafishia jina hawana mkono katika kumbukumbu hizo, nao ni watu wa hadaa. Wakati mwingine nafuu huja kwa jumla, kama ilivyokuwa Novemba 2022 Benki Kuu ilipotoa mpango ambao benki ziliwapunguzia wakopaji wa simu walau nusu ya mikopo mifupi iliyokwama, kwa sharti kwamba walipe iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023. Mipango kama hiyo hupita, naye aliyezima simu huikosa.

Liko pia suala la muda. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, deni la mkataba lisilodaiwa mahakamani kwa miaka 6 haliwezi tena kufunguliwa kesi. Hata hivyo sheria hiyo ina mtego ambao wakusanyaji wa madeni wanaujua vizuri: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, au akilipa sehemu yake hata iwe shilingi mia mbili za kuonyesha nia njema, saa huanza kuhesabu upya tangu siku hiyo. Simshauri mtu kujificha miaka sita, kwani mwia mwangalifu atakuwa amekwisha kwenda mahakamani zamani, na siku hizi Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza kesi zisizozidi shilingi 1,000,000, imepewa siku 60 tu za kumaliza shauri. Ila aliyeibuliwa ghafla na deni la kale asiandike wala asitume chochote kabla ya kuhesabu miaka.

Ikiwa yote hayo hayatoshi, na mtu ameona kwa hesabu ya kweli kwamba madeni yamemshinda, ndipo anapoifikia ile sheria ya 2015. Mwenye kipato lakini aliyezongwa na wadai wengi aweza kuomba mapatano ya hiari, ambayo husimamiwa na mtaalamu wa ufilisi mwenye idhini, na mahakama ikampa kinga ya muda ili asishtakiwe wakati mpango ukiandaliwa. Wadai hupiga kura, na ukikubaliwa huwafunga hata waliokataa, isipokuwa mwenye dhamana ya mali, ambaye haki yake haiguswi bila ridhaa yake. Mwenye madeni madogo zaidi aweza kumwomba Mfilisi Rasmi, ofisa wa serikali aliye katika Huduma ya Usajili wa Biashara, amri ya kulipa kwa awamu. Na asiye na kitu kabisa ana ule utaratibu wenye asili ya New Zealand.

Utaratibu huu ni wa mtu ambaye madeni yake hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi 4,000,000, asiye na mali ya kuuzwa, asiye na uwezo wa kulipa hata sehemu, ambaye hajawahi kuwa mufilisi wala kuupitia utaratibu huu kabla. Huomba kwa Mfilisi Rasmi, bila kufungua kesi mahakamani, akaeleza mali yake yote na madeni yake yote. Akikubaliwa, wadai waliomo humo hawawezi kumfuatilia. Na baada ya miezi 12, ikiwa hakuna kilichobadilika, madeni hayo hufutika. Mlango lakini hufungwa kwa aliyeficha mali ili kuwadhulumu wadai, na kwa aliyekopa akijua hana njia ya kulipa. Aliyeandikisha pikipiki yake kwa jina la mpwa wake juma moja kabla ya kupeleka maombi amekwisha kujibu swali letu, tena kwa mkono wake mwenyewe. Nashangaa kwamba njia hii, ambayo ndiyo ya huruma kuliko zote na ndiyo iliyo karibu zaidi na hali ya mchuuzi aliyefilisiwa na ugonjwa, haitajwi katika mabaraza ya machifu wala redioni, ilhali matangazo ya mikopo mipya hayakatiki usiku na mchana.

Ufilisi kamili ndio wa mwisho. Humwondolea mtu usimamizi wa mali yake, isipokuwa zana za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani, na humzuia kugombea ubunge na kuwa mkurugenzi wa kampuni. Lakini si kama zamani, kwani miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya fedha mufilisi huachiliwa bila kuomba, isipokuwa awepo mwenye kupinga kwa sababu ya haki. Mahakama nazo hutazama nia, na mara kwa mara zimewakatalia waombaji waliojitangaza mufilisi siku chache kabla ya kufungwa, wakiwa na deni la mdai mmoja tu na mshahara mzuri.

Yapo madeni ambayo hayafutwi kwa njia hizi: yaliyopatikana kwa ulaghai, na matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama. Na yupo mtu ambaye hakuna njia hata moja inayomwachilia, naye ni mdhamini. Katika Kenya, ambako walimu, wauguzi, askari na wakulima hukopa katika vyama vya akiba na mikopo kwa kuweka saini za wenzao watatu wanne, mdaiwa anaposamehewa na sheria, chama hugeuka kwa wale waliomwekea saini, na kukata akiba zao na pengine mishahara yao. Kwa hiyo anayekusudia kwenda kwa Mfilisi Rasmi na awaite wadhamini wake kwanza, awaonyeshe hesabu, ili chama kiombwe kugawa mzigo huo kwa awamu wanazozimudu. Maana barua ya makato ikifika kabla ya mazungumzo hayo, kinachobaki kwao ni kupinga hesabu yenyewe, na hilo hufanywa mbele ya Baraza la Ushirika, kwa gharama na kwa miezi.